Safu ya Maputo Mpakani

Mwezi wa Oktoba 2015, Postcommodity, kundi la wasanii wa Marekani, walirusha maputo 26 juu ya jangwa, kati ya mji wa Douglas katika Arizona na mji wa Agua Prieta katika Mexico. Safu yake, yenye urefu wa maili mbili, haikufuata mpaka, bali iliukata. Miongoni mwa waliotoa fedha ni shirika la Creative Capital.

Yamkini mtu atasema fedha zimepotea, maana maputo yalishushwa baada ya siku nne. Sivyo. Safu ile isingalisimama pasipo ridhaa ya pande zote mbili. Ndipo watu wa miji miwili walipopata jambo la kushauriana.

Hata hivyo kazi ina upungufu. Kila puto lilichorwa jicho, na asiyeelezwa maana yake aliona pambo tu. Sanaa ihitajiyo mkalimani haijamaliza kazi yake.

Katika Kiswahili, mpaka ni kikomo cha nchi. Tena twasema, “toka hapa mpaka pale,” yaani kufika. Wasanii hawa walishika maana ya pili. Atoaye msaada na aulize kwanza: kazi hii itamfikia nani?