Benchi la Fundi wa Chumba Kimoja

Muulize seremala kijana anayetaka kujitegemea atanunua nini kwanza. Atakutajia msumeno, randa, patasi, na kama mfuko unaruhusu, mashine ya kukatia. Benchi halitaji. Benchi kwake ni la kuokoteza: vipande viwili vitatu vya mbao vilivyobaki, misumari ya nchi nne, kazi imeanza. Mimi naamini benchi ndiyo zana ya kwanza, na zana nyingine zote hutegemea hiyo. Randa ya bei mbaya juu ya benchi linaloyumba inaruka na kuchimba. Randa ya kawaida juu ya benchi lililotulia inatoa maranda marefu, membamba, yanayojiviringa yenyewe.

Kwa Ngokolo shida ni nafasi. Ni kata ya mjini Shinyanga, nyumba zimesogeleana kuzunguka Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma, na fundi wa kawaida amepanga chumba kimoja au ameombwa aridhike na pembe ya ua. Ua huohuo wapangaji wenzake wanapikia, wanaanika nguo, wanalaza pikipiki. Benchi la miguu minne likishakaa katikati halisogei tena, na ugomvi hauchelewi. Ndiyo maana wengi hufanyia kazi barabarani kwenye vumbi la kiangazi, na mvua za Novemba zikikaribia, kila wingu likitanda mbao zinakimbizwa ndani.

Kwa fundi wa namna hiyo nalisifu benchi linalokunjwa ukutani. Nimeona watu wakilidharau kama kifaa cha mwenye shida, cha kujishikiza mpaka karakana ya kweli ipatikane. Sikubaliani nao hata kidogo. Kulitengeneza kunataka fikra kuliko benchi kubwa, kwa sababu benchi kubwa linaficha makosa kwa uzito wake. Hili jembamba halina pa kuyafichia.

Linaanzia kwenye ukuta. Unafunga mbao ngumu ya mbili kwa nne kwa boliti nne zinazoingia ndani ya tofali; msumari kwenye tofali la kuchoma hulegea upesi. Chini yake unaweka kingo ya kubebea uzito, ili bawaba zifanye kazi ya kukunja tu, zisibebe mzigo. Ubao wa juu uwe na urefu wa mita moja na nusu, upana wa sentimita 50, unene wa nchi mbili kamili. Uzito wake ni kilo 20 hivi, mtu mmoja ananyanyua. Unakunjwa kwenda juu, na fremu ya miguu, iliyofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa mbele, inaning'inia yenyewe chini kwa uzito wake. Ukishaukunja na kutia komeo, kazi yote inachukua sentimita zisizofika 15 kutoka ukutani. Mama mwenye nyumba anapita na ndoo yake bila kukupigia kelele.

Sasa tazama nguvu zinakokwenda, maana hapa ndipo benchi linapojulikana kama ni benchi. Randa husukuma kwa urefu wa ubao. Ukuta unazuia benchi lisirudi nyuma, lakini kushoto na kulia hakuna wa kulizuia isipokuwa miguu. Kwa hiyo fremu ya miguu lazima iwe na mshazari, mbao moja inayotoka chini ya mguu huu hadi juu ya mguu ule, na viungo vyote viwe vya ulimi na tundu vilivyobana kwa gundi na kigingi. Halafu mkono mmoja mfupi wenye kulabu unashika fremu hiyo na ukuta ili isijikunje ukiwa kazini. Mshazari mmoja, kulabu moja, na benchi lenye ubao wa kilo 20 linasimama kama limemea.

Kimo chake ni cha mwili wako. Simama wima, mikono ikining'inia. Uso wa benchi ufike usawa wa kifundo cha mkono. Kwa wengi ni kati ya sentimita 80 na 90. Anayeranda sana ashushe kidogo, ili asukume kwa kiuno na uzito wa mwili, mabega yapumzike.

Jiliwa la chuma ni ghali, na kwenye benchi la kukunja linaning'inia vibaya. Tumia kabari. Kwenye ncha moja ya benchi unafunga vipande viwili vya mbao ngumu, vikiachana upande mmoja na kukaribiana upande mwingine. Unasimamisha ubao wako katikati, unachomeka kabari pembeni. Unapoanza kuranda, msukumo wako mwenyewe unaiingiza kabari ndani zaidi, na kila pigo la randa linakaza ubao kuliko pigo lililopita. Ukimaliza, unagonga kidogo kwa kurudi nyuma, ubao unaachia. Sijaona kifaa rahisi kuliko hicho chenye akili nyingi kiasi hicho. Wachongaji wa milango Zanzibar, wanaokaa chini na kuubana ubao kwa miguu yao, wanalijua jambo hilohilo kwa njia yao: mikono miwili haitoshi, lazima kitu cha tatu kishike.

Hata walio na nafasi walilitafuta benchi la kukunja. Ron Hickman, mzaliwa wa Greytown, Afrika Kusini, aliyesanifu gari la Lotus Elan huko Uingereza, aliharibu kiti kwa msumeno akiwa anakitumia badala ya benchi alipokuwa akitengeneza kabati mwaka 1961. Akabuni benchi linalokunjwa, lenye uso wa mbao mbili zinazobana kama jiliwa. Kampuni zilimkatalia. Black & Decker ilikuja kulitengeneza kwa wingi kuanzia 1972, nalo likauzwa kwa mamilioni duniani.

Juu ya mbao kuna la kusema zaidi. Mninga ndio mti wangu. Unasinyaa kidogo mno ukikauka, na kwa hewa ya Shinyanga, inayopasua midomo ya watu Agosti na kulowesha kuta Machi, hiyo ni sifa kubwa. Lakini bei yake imepanda, na si haki kumwambia kijana asianze mpaka aupate. Paina inafaa, mradi ikauke vizuri kivulini kabla ya kukatwa, na mataruma yanayoushikilia ubao wa juu kwa chini yafungwe kwa skrubu zenye matundu marefu kidogo, ili ubao upate pa kutanuka na kusinyaa. Ukiubana kila mahali utapasuka.

Uhaba wa mbao una historia. Mkoa huu ulifyekwa miti kwa miaka mingi, kwanza kuwaondoa mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba na kuni. Mradi wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 na kuwarudisha Wasukuma kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili, kutenga malisho yasiguswe mpaka miti irudi. Zaidi ya hekta 300,000 zikapata uhai tena. Upande wa Geita na Kahama, maduara ya dhahabu nayo yanataka matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, magogo yanayozikwa ardhini. Katika nchi ya namna hii, benchi linalotumia mbao chache kwa akili ni heshima kwa mti.

Uso wa benchi uwe tambarare kabisa. Weka rula mbili za mbao zilizonyooka, moja kila ncha, inama, tazama kwa jicho moja: kingo za juu zikioana, benchi limekaa sawa. Zikipishana, kila utakachogundisha juu yake kitapinda vivyo hivyo. Mwaka 2016, nchi ilipohimizwa kumaliza uhaba wa madawati, kazi ziliingia karakana nyingi kwa haraka. Dawati lililoungwa juu ya benchi lililopinda hucheza miguu, na mtoto anayeandika juu yake ndiye anayelipa.

Benchi likiwa sawa linafanya mengi: la kugundishia mlango, la kupigia pasi, la mtoto kuandikia kazi za shule jioni likifutwa vumbi. Lipake mafuta ya kitani tu, usipige vanishi. Uso unaong'aa unatelezesha kazi.

Na kwa kuwa fundi wa kupanga huhama, tumia bawaba za pini za kuchomoa. Ubao unatoka, fremu inatoka, boliti nne zinafunguliwa, guta moja linabeba vyote na sanduku la zana. Matundu ya ukutani yazibwe kwa saruji siku hiyohiyo, kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba funguo.