Mwani hauchimbwi

Nilipokuwa Wasini hivi majuzi, mama mmoja mkulima wa mwani alinikabidhi kijitabu cha mafunzo. "Profesa, hebu nisomee, labda wewe utakifahamu." Kimeandikwa kwa Kiswahili. Hilo ndilo lililonitia aibu.

Kichwa chake kinataja "uchimbaji wa viambato asilia kwa viyeyushi vya kijani". Uchimbaji! Kwale hii, ambako mchanga wa titaniamu ulichimbwa miaka na miaka, neno hilo humletea msikilizaji matingatinga na fidia za mashamba. Mfasiri alikuta neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, akaokota isiyofaa. Kilichomo ndani ya jani au gome hakichimbwi; hutolewa.

Na hicho "kijani" je? Mama aliniuliza kama maji yenyewe yatakuwa na rangi. Swali la haki kabisa. Paul Anastas na John Warner walipotoa kanuni zao 12 za kemia isiyodhuru mazingira mwaka 1998, mojawapo ilihusu kuepuka viyeyushi vyenye madhara. Yaani tutumie maji, alkoholi ya miwa au mafuta ya mimea badala ya heksani itokanayo na petroli. "Viyeyushi visivyochafua" ingetosha. Isitoshe, kijitabu kinalitumia neno "asilia" kana kwamba maana yake ni salama. Limonini ya maganda ya machungwa ni asilia, lakini huwasha ngozi na hushika moto.

Ajabu ni kwamba msamiati ulikuwepo jikoni. Anayetia maji kwenye nazi iliyokunwa, akaifikicha na kuikamua kwa kifumbu, kisha akatia maji mapya apate tui la pili, anafuata kanuni ya maabara: maji kidogo kidogo, mara kadhaa, hutoa zaidi kuliko maji yale yale yakitiwa yote kwa mkupuo mmoja. Mkemia atanikosoa kwamba tui si myeyuko, ni mafuta yaliyotawanyika majini. Haya, achukue basi gome la mkoko: likichemshwa, tanini yake huyeyuka majini kwelikweli. Vitenzi ni vile vile: loweka, chemsha, kamua, chuja.

Kosa linaloniuma zaidi liko kwenye "kusafisha". Ukurasa mmoja, kusafisha ni kuondoa mchanga kwenye mwani. Ukurasa unaofuata, ni kuipata karagini pekee, ile inayotiwa katika aiskrimu na dawa ya meno: mwani hupikwa katika maji moto yenye alkali, ukachujwa, kisha karagini ikagandishwa kwa alkoholi na kukaushwa. Mama alisoma neno hilo akaniambia, "Hili sisi tushalifanya." Kweli, mwani wao ni safi. Huoshwa, hukaushwa, huuzwa hivyo hivyo, na faida ya karagini huenda kwa mwingine. Nilichukua kalamu, nikakata "kusafisha" ya pili, nikaandika juu yake "kutakasa". Halafu tukaanza upya, kutoka ukurasa wa kwanza.