Kupima Ubora wa Klasi za Kotlin Ndani ya Java

Kotlin, lugha iliyotangazwa na JetBrains mwaka 2011 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2016, hugeuzwa kuwa baitikodi ileile inayotumiwa na Java. Ndiyo maana klasi ya Kotlin huitwa moja kwa moja ndani ya Java, na ya Java ndani ya Kotlin. Ila kuitika si ubora. Maktaba ya Kotlin hupimwa kwa kuandika mistari michache ya Java inayoitumia, kisha kuangalia kama mistari hiyo inasomeka kama Java ya kawaida.

Dalili za kwanza zimo kwenye majina. Panapoonekana `BeiKt.jumlisha(...)` au `Risiti.Companion.soma(...)`, ni wazi kwamba mwandishi hakuitazama kazi yake kutoka upande wa pili. `@JvmName` na `@JvmStatic` zingetosha kuleta `Bei.jumlisha(...)` na `Risiti.soma(...)`.

Hayo ni ya juujuu. Kipimo kikubwa ni `null`. Kotlin hutenganisha `String`, isiyopokea `null`, na `String?`, inayoipokea. Thamani ya Java isiyo na anotesheni ikiingia Kotlin hupewa aina `String!`, na hapo kompaila haikatazi wala haithibitishi chochote. Msimbo uliotunzwa vizuri hutamka `String` au `String?` kwenye mstari uleule unaoipokea thamani. Kompaila ikiachiwa ijikisie aina, `null` hupenya na kuiangusha programu mbali kabisa na ilikoingilia. Kuisaka huko ni kazi ya kuchosha mno. Maktaba bora ya Java humwondolea mtumiaji adha hiyo kwa `@Nullable` na `@NotNull`.

Hitilafu nazo zina mtego. Kotlin haimlazimishi mtu kuzitangaza. Methodi inayosoma faili isipobeba `@Throws`, kompaila ya Java huikataa `catch (IOException e)` kwa madai kwamba hitilafu hiyo haiwezi kutokea, ilhali hutokea. Kasoro hii ni nzito kuliko jina baya, kwa sababu inamzuia mtumiaji kujilinda.

Mwisho hukaguliwa orodha. `List` ya Kotlin ni ya kusomwa tu, lakini Java huiona kama `java.util.List` yenye `add`. Klasi iliyoandikwa kwa uangalifu hurudisha nakala, hivyo upande wa Java ukiongeza kitu, orodha ya ndani haiguswi.