Haba, Kibaba na Chumvi ya Ivuna

Pana fundisho lililoenea sana siku hizi katika semina, katika mahubiri na katika vitabu vya kujiendeleza, lisemalo kwamba maskini hukwama kwa sababu ana fikra za uhaba, na kwamba akizibadili kuwa fikra za wingi mlango utamfungukia. Chimbuko la maneno hayo ni Marekani, ambako Stephen Covey aliyatia katika kitabu chake cha 1989 juu ya tabia saba za watu wenye ufanisi. Kwa Covey jambo lenyewe lilikuwa la adabu zaidi kuliko la fedha: mtu asidhani kwamba sifa apewayo mwenziwe imekatwa katika sifa yake. Lilipofika kwetu likageuka kuwa hukumu juu ya mfuko wa mtu. Nia ya makala haya ni kulipima fundisho hilo kwa mizani ya lugha yetu na fasihi yake, na kwa mizani ya mahali pamoja palipojua uhaba na utele kwa karne nyingi.

Tuanze na neno. Uhaba umezaliwa na haba, na kila aliyepita darasani anajua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wafasiri wa fundisho hili hawakulitazama vyema neno walilolichagua. Katika methali hiyo haba si adui wa kibaba, ndiyo inayokijaza. Na kibaba si bahari, bali ni kipimo chenye ukingo, robo ya pishi, na ajuaye kipimo hujua pia ni lini kimejaa. Wahenga hawakuahidi wingi usio na mpaka. Tena wingi wenyewe ni neno la baridi, neno la hesabu na la sarufi. Mswahili akitaka kutaja hali ya kutopungukiwa husema neema, au utele, au baraka; na baraka haifanani na wingi hata kidogo, maana kidogo huwa na baraka na kingi huikosa.

Sasa twende Ivuna, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, kusini mwa Ziwa Rukwa. Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kutokea; maji yake hupanuka na kunywea, na yanaponywea huacha chumvi. Hapo Ivuna pana chemchemi na udongo wa chumvi, na mwaka 1966 Brian Fagan alifukua huko mabaki ya mji wa wapika chumvi, akaitangaza ripoti yake pamoja na J. E. Yellen mwaka 1968. Mabaki hayo yanarudi nyuma hadi karne ya 13 hivi. Udongo huchujwa kwa maji, na maji hayo huchemshwa mpaka yabaki mawe ya chumvi. Kazi hii hutaka jua. Kiangazi, ambacho kwa mkulima ni majira ya kuhesabu debe zilizosalia ghalani, kwa mpika chumvi ni majira ya mavuno. Basi ni majira yale yale, na ni bonde lile lile. Lililobadilika ni kazi ya mtu, si fikra zake.

Wala chumvi haikuwa ya kila mtu bila masharti. Huko Uvinza, karibu na Mto Malagarasi, ambako upikaji chumvi ulianza tangu takriban karne ya 5 au ya 6, watu wa makabila mbalimbali walikuja kiangazi kuchemsha maji ya chemchemi, na watemi wa Wavinza wakatwaa sehemu yao. Mgeni hakufukuzwa, lakini hakuchota bure. Utele ule ulikuwa na mlinzi, na ulikuwa na ada.

Ivuna ina mali nyingine ambayo wengi wa wanafunzi wetu hawaijui. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka hapo, uzito wake ukiwa gramu 705 hivi. Kundi zima la vimondo adimu mno limepewa jina la Ivuna katika vitabu vya elimu ya nyota, na vumbi lililoletwa duniani na Wajapani mwaka 2020 kutoka sayari ndogo ya Ryugu lilionekana kuwa la jamii hiyo hiyo. Jiwe hilo halikubaki Ivuna. Jumba la makumbusho la London lina kipande chake. Mtu awe na fikra za wingi namna gani, gramu 705 hazitazidi hata moja. Kila kipande kinachopewa mmoja kimekosekana kwa mwingine.

Hapa ndipo fundisho linapoteleza, maana halitenganishi jiwe na chumvi. Na nadhani hapa ndipo tunapoweza kuisoma upya *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Wahakiki wengi wameisoma kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo haujafilisika. Lakini tazameni kosa la Karama: alitaka elimu ya sheria ifundishwe kwa watu. Sheria ni mali isiyopungua kwa kugawanywa; ajuaye sheria hapotezi chochote jirani yake akiijua. Waziri Majivuno ameitazama kana kwamba ni kimondo. Na wale wajumbe waliotumwa pande zote, waliorudi na habari za mambo mema ya nchi nyingine, wakatiwa kifungoni: heshima ambayo wangepewa ilihesabiwa kuwa imetoka katika mfuko wa wakubwa. Uhaba wa Kusadikika umo ikulu, kwa watu walioshiba. Semina hazijawafikia watu wa namna hiyo. Zimemfuata muuza mchicha.

Mwalimu Nyerere naye, katika kijitabu chake cha 1962 juu ya Ujamaa, alisema jambo lililo karibu sana na fundisho hili, kwamba ujamaa ni hali ya moyo. Lakini aliongeza sababu ambayo wahubiri wa leo wameiacha: mtu hujilimbikizia kwa kuwa haamini kwamba jamii itamtunza akianguka. Kwangu mimi sehemu hiyo ndiyo yenye uzito. Palipo dhaifu ni pale alipoipaka jamii ya kale asali nyingi, akasahau ada za watemi. Na alipokuja kuharakisha moyo huo kwa kuwahamishia watu vijijini, mwingine kwa nguvu, kati ya 1973 na 1976, hali ya moyo haikutii amri.

Wachunguzi wa shamba la miwa huko Tamil Nadu, India, walionyesha mwaka 2013 kwamba mkulima yule yule hufikiri kwa shida zaidi kabla ya kuvuna kuliko baada yake. Sisi hatukuhitaji kwenda mbali. Mwaka 1983 sabuni, sukari na khanga zilipoadimika, serikali ilianzisha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Maduka yakapekuliwa, na katika miji ya mpakani kama Tunduma magendo yalikuwa riziki ya wengi. Wapo waliokuwa wezi kweli. Lakini mama aliyeficha vipande sita vya sabuni chini ya kitanda hakuwa na ugonjwa wa fikra. Alikuwa amehesabu vizuri. Kuanzia 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na baada ya 1986, zama za Mzee Mwinyi, rafu za maduka zilijaa tena. Sabuni zikatoka chini ya vitanda, zikafuliwa nguo, wala hapakuitishwa semina.