Mwanamke wa Pembeni

Vigae vilivyofukuliwa na Heinrich Schliemann huko Mycenae, vikaungwa kuwa chombo kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, hujulikana kwa jina la Chombo cha Wapiganaji. Jina hilo limempunja mtu mmoja. Askari wa karne ya 12 kabla ya Kristo wanaandamana, wamefanana hata pua, mikoba ya masurufu ikining'inia mikukini. Safari, basi, ni ndefu. Hakuna ageukaye. Nyuma yao, upande wa kushoto, mwanamke ameinua mkono kichwani. Wako waionao ishara hiyo kuwa ni ya kuaga tu. Usomaji huo ni mwepesi mno: katika michoro ya Kigiriki ya baadaye, mkono kichwani ni wa matanga. Na karamuni divai ilichotwa mbele yake.