Pigo la Pili kwenye Pa 5: Njia Salama Nayo Iwe na Gharama

Mwaka 1935, kwenye shimo la 15 la kiwanja cha gofu cha Augusta, Marekani, Gene Sarazen alikuwa nyuma ya Craig Wood kwa mipigo 3. Zilibaki yadi 235 hivi, na bwawa mbele ya grini. Akachukua fimbo ya mbao namba 4, akapiga, mpira ukaviringika hadi kikombeni. Shimo la pa 5, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mipigo 5, likaisha kwa mipigo 2. Akamfikia Wood, na siku iliyofuata akamshinda katika mchezo wa kuamua bingwa, mashimo 36.

Mwaka 1993, kwenye shimo hilo hilo, Chip Beck naye alikuwa nyuma kwa mipigo 3, akimfukuza Bernhard Langer, na umbali uliobaki ulikaribiana na ule wa Sarazen. Beck akapiga kwa tahadhari, mpira ukasimama kabla ya maji. Langer akatwaa ubingwa kwa tofauti ya mipigo 4.

Beck amelaumiwa kwa woga tangu siku ile. Lawama hiyo naiona nyepesi. Kuvuka bwawa ni jambo ambalo kila mtazamaji analiona. Ubora wa shimo unapimwa kwa yule aliyeamua kutovuka. Je, bado ana mtihani mbele yake?

Pale Augusta anao. Ardhi inateremka kuelekea majini, kwa hiyo pigo la tatu, hata likiwa fupi, linapigwa mguu mmoja ukiwa chini ya mwingine, kuelekea grini yenye kina kidogo. Mwaka 2018 Sergio García, bingwa mtetezi, aliangusha mipira 5 majini hapo na kumaliza kwa mipigo 13. Wa kwanza tu ndio uliotokana na pigo la mbali. Iliyofuata ilipigwa kutoka karibu. Ilitua kwenye grini, ikarudi nyuma taratibu, ikatumbukia. Miaka 11 kabla yake, Zach Johnson hakujaribu hata mara moja kufika grini kwa mipigo 2 kwenye pa 5 zote 16 za mashindano ya mwaka huo hapo Augusta. Alizicheza kwa mipigo 11 chini ya pa, akawa bingwa. Alikuwa akichagua mahali pa kupigia pigo la tatu, na hapo ndipo akili ya mchezo ilipo.

Sasa tulilete jambo hili Dodoma. Anayetaka kuchora pa 5 nzuri kwenye uwanda huu asianze kwa kuchimba bwawa. Mvua ya mwaka ni milimita 570 hivi, na kiangazi kinakula zaidi ya nusu ya mwaka. Korongo kavu la mchanga linatosha, ila lisikate njia moja kwa moja. Likate mshazari: kushoto liwe karibu na mpigaji, kulia liwe mbali. Upande wa kushoto, nje kidogo ya grini, uwepo mbuyu.

Anayevuka kushoto amevuka kwa urahisi, lakini mbuyu unamziba. Anayevuka kulia ameomba umbali mkubwa, na akifanikiwa grini inamfungukia yote. Anayebaki nyuma ya korongo hana hatari yoyote kwa sasa, ila deni lake litadaiwa kwenye pigo la tatu, refu, juu ya mchanga, kuelekea ardhi ngumu kama sakafu.

Halafu kuna hewa. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mpira unaruka mbali zaidi kwa kama asilimia 4: yadi 220 za Dar es Salaam hapa zinakaribia 229. Hewa nyepesi pia inaunyima mpira kunyanyuka, hivyo unatua kwa pembe ndogo na kuendelea kukimbia. Mpigaji anahesabu mara mbili: utakapotua na utakaposimama. Grini iachwe wazi kwa mbele, ili anayejua kupiga chini chini apate malipo yake.

Majira nayo yanalibadilisha shimo. Mwezi Agosti mbuyu hauna majani, na uwazi kati ya matawi yake unamshawishi aliyevuka kushoto ajaribu kupenyeza. Januari ardhi imelainika, mpira unashika pale ulipotua. Aliyebaki nyuma ya korongo sasa anaweza kuilenga bendera yenyewe, na yule wa kushoto amefungiwa kabisa na majani.