"Mpira Anaujua, Ila Mwili Hana": Hoja Hii Ina Uzito Gani?

Simama pembeni ya uwanja wowote wa shule huku Lufingo siku ya kuchagua timu ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Hutakaa sana kabla hujaisikia: "Mpira anaujua, ila mwili hana." Basi, kesi imefungwa. Dogo anavua jezi, anarudi kukaa kwenye nyasi na wenzake. Hakuna anayebisha, kwa sababu sentensi yenyewe ina sura ya hekima, na mara nyingi anayeitamka ni mtu mzima aliyecheza mpira enzi zake.

Leo tuibishie, lakini kwa haki. Ukiichambua utaona imebeba madai mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza linasema mwili mdogo hauwezi kushindana ngazi ya juu. La pili halitamkwi, ila limo ndani: kwamba mwili ninaouona leo ndio mwili atakaokuwa nao. Dai la kwanza lina ukweli kiasi fulani. La pili ndilo linaloharibu kazi, na ndilo nitakalokaa nalo muda mrefu.

Nianze na kuwatetea kidogo walimu wa michezo, maana si wajinga. Chukua wachezaji wawili wenye umbo la aina moja, mmoja ana sentimeta 165, mwingine 185. Kwa urefu wamepishana asilimia 12 tu. Lakini uzito haufuati urefu peke yake. Mwili hukua kwenda juu, kwenda upande na kwenda nyuma, kwa hiyo uzito hufuata urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu. Fanya hesabu: mrefu atamzidi mwenzake kwa takriban asilimia 40. Mfupi akiwa na kilo 60, mrefu anakaribia 85. Wakigongana bega kwa bega wakiwa na kasi ileile, unajua nani ataokotwa chini. Hapo mwalimu yuko sahihi, na fizikia iko upande wake.

Sasa geuza swali: nani anageuka haraka? Ugumu wa mwili kuzunguka unategemea uzito, na pia umbali wa uzito huo kutoka katikati, tena umbali huo unahesabiwa mara mbili. Ukijumlisha yote, ugumu huo hufuata urefu uliozidishwa wenyewe mara tano. Nguvu ya misuli inayokugeuza haikui kwa kiwango hicho, yenyewe hufuata urefu mara tatu tu. Kwa wachezaji wetu wawili, mfupi anaanza kugeuka kwa wepesi wa karibu asilimia 25 zaidi. Ni hesabu ya karatasini, sawa, watu halisi si vinyago vilivyochongwa kwa kipimo kimoja. Ila ndiyo sababu beki mrefu huonekana kama lori linalotafuta pa kugeuzia pale kiungo mdogo anapompiga chenga ya pili. Mdogo hahitaji kushinda kikumbo. Anahitaji kufika kabla kikumbo hakijatokea.

Kwa hiyo urefu una kazi kwenye nafasi fulani. Goli la mpira lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na kipa mfupi analipa deni hilo kila kona inapopigwa. Beki wa kati vilevile. Lakini winga? Kiungo? Luis Miquissone, winga mwenye umbo dogo kutoka Msumbiji, ndiye aliyefunga bao pekee Simba ilipoifunga Al Ahly 1-0 Dar es Salaam Februari 2021, na mwaka huohuo Al Ahly wenyewe wakamsajili. Na sisi wa Rungwe, kati ya watu wote, tusingepaswa kufundishwa habari za mdogo kumshinda mkubwa. Tukuyu Stars ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 mbele ya timu za mijini zenye jina na pesa.

Kuna jibu maarufu ambalo nalo nataka kulipiga jembe. Ukimwambia mtu dogo ni mfupi, anakuambia: "Mbona Messi?" Mjadala unafungwa kwa upande wa pili sasa. Hoja hii inapendeza lakini ni dhaifu. Messi tunamjua kwa sababu alitoboa. Walioachwa kwenye nyasi hatuwajui, hawana picha ukutani. Huwezi kukadiria nafasi ya kufaulu kwa kuhesabu waliofaulu pekee, ni sawa na kuuliza waliofika Kyela kama basi lilipata ajali njiani. Halafu Messi mwenyewe hakuwa mfupi wa kawaida. Alikuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji, na Barcelona walipomchukua mwaka 2000 akiwa na miaka 13 waligharimia matibabu yake. Leo anaandikwa kuwa na sentimeta 170, na sindano zilichangia. Mfano huo unatufundisha jambo jingine: kuna watu walimtazama mguu kabla hawajamtazama kimo, kisha wakalipa.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwetu, tena kwenye mchezo ambao urefu ni mfalme. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya walioingia ligi ya kikapu ya Marekani, NBA. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko, na heshima hiyo haimtoki. Mwaka uleule, nafasi ya saba, akachaguliwa kijana wa mita 1.88 ambaye wengi walisema mwili wake ni mwembamba mno kwa ligi ile. Jina lake Stephen Curry. Thabeet aliondoka NBA mwaka 2014 akiwa na wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Curry amebeba ubingwa mara nne na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili. Simcheki Thabeet hata kidogo. Nawasema wapimaji. Hata pale urefu unapolipa kweli, rula iliona kitu kimoja tu ikadhani imeona mchezaji mzima.

Twende kwenye dai la pili. Kwa hili inabidi nikupeleke mbali, kwenye mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Najua, barafu tunayoijua hapa ni mvua ya mawe inayochana migomba. (Nairobi wamejaribu, wana kiwanja cha barafu hotelini Panari na timu inayoitwa Ice Lions.) Ninakupeleka huko kwa sababu mchezo huo ni wa kugongana kwa makusudi, na Kanada wamekuwa wakipima watoto wao kwa ajili yake miaka mingi. Kama kuna mahali mdogo angepaswa kukata tamaa, ni hapo.

Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake waliangalia tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa juu wa Kanada. Wakakuta kituko: waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi mno, waliozaliwa Oktoba hadi Desemba ni wachache mno. Nyota za angani hazihusiki. Makundi ya umri yanakatwa Januari 1. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wanawekwa kapu moja, huku mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima wa kula na kukua. Ukiwa na miaka tisa, mwaka mmoja ni mwili mkubwa. Kocha anamwona wa Januari, anasema "huyu ana kipaji", anampa mazoezi mazuri na mechi nyingi. Miaka mitano baadaye kweli ana kipaji, maana amefundishwa. Utabiri umejitimiza wenyewe.

Mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake wakaongeza kipande kitamu. Waliangalia wachezaji wa Kanada waliochaguliwa kuingia NHL, ligi kubwa ya mchezo huo. Waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walikuwa wakichaguliwa kwa kuchelewa, lakini wakishaingia walicheza mechi nyingi na kufunga zaidi ya wale wa mwanzo wa mwaka waliochaguliwa kwenye nafasi zinazolingana nao. Maana yake soko lilikuwa linawauza kwa bei ya chini kuliko thamani yao. Martin St. Louis ni mfano wa aina hiyo upande wa kimo: mita 1.73 hivi, hakuna timu hata moja iliyomchagua, akaingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2004 aliongoza ligi kwa pointi, akawa mchezaji mwenye thamani kuliko wote, na timu yake ya Tampa Bay ikachukua kombe. Ndiyo, na huyu naye ni mfano mmoja tu, nimeshakuonya kuhusu mifano mmojammoja. Utafiti wa tarehe za kuzaliwa ndio unaobeba hoja, yeye ni chumvi.

Rudi nyumbani sasa. Kanada wanahangaika na tofauti ya miezi 11 na vyeti vyao vya kuzaliwa viko sawa. Sisi je? Sisi tuna vijeba. Kijana wa miaka 18 anacheza na wa miaka 14, na kila mtu uwanjani anajua, hadi muuza karanga. Mwaka 2019 mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 yalifanyika Dar es Salaam, Guinea wakafika fainali, baadaye wakaondolewa kwa sababu ya umri wa wachezaji wao. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Wanaangalia gegedu iliyo karibu na ncha ya mfupa, ambako mfupa hurefukia. Ikiwa imeshageuka mfupa mtupu, kijana huyo kwa uwezekano mkubwa kabisa ameshapita 17.

Lufingo hatuna MRI. Tunachagua kwa macho. Na ukichagua kwa macho ukipendelea mwili mkubwa, kwenye kundi lenye vijeba, unafanya nini hasa? Unamchuja aliyesema umri wake wa kweli. Yule dogo anayeambiwa "mwili hana" yawezekana ndiye pekee mwenye miaka 14 kati ya watu wanaodai miaka 14. Hili ndilo linaloniuma kwenye sentensi ile kuliko fizikia yote niliyokuandikia hapo juu.

Na hata bila udanganyifu, wavulana wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana miaka kadhaa ya ukomavu wa mwili wakati wa balehe. Mmoja ameshamaliza kurefuka, mwenzake hajaanza. Anayebalehe mapema anang'aa kidato cha kwanza, halafu wenzake wanamkuta.

Kuna tabaka jingine la suala hili ambalo si la michezo tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta udumavu kwa asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 30. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ghala letu la chakula, ni miongoni mwa iliyoathirika sana, na Iringa ilizidi nusu ya watoto. Ndizi zipo, maziwa yapo, maharage yapo, lakini kilichopo shambani si lazima kifike kwenye bakuli la mtoto wa mwaka mmoja. Udumavu una madhara halisi, siwezi kuufanya uwe sifa. Ninachosema ni kwamba kimo cha dogo wa Lufingo kimebeba habari za balehe, tarehe ya kuzaliwa, bakuli la utotoni, pamoja na baba na mama. Ukikisoma kama kipimo cha kipaji, umesoma barua ya mtu mwingine.

Basi kama wewe ni mwalimu wa michezo, upime nini? Muulize urefu wa wazazi. Jumlisha wa baba na wa mama kwa sentimeta, ongeza 13, gawa kwa mbili. Baba 170, mama 157, unapata 170. Ni makadirio ya mvulana, yanaweza kupishana sentimeta nane au tisa juu au chini, ila yanakupa picha kuliko jicho. Kisha mkalishe kwenye benchi, mpime kutoka benchi hadi utosini. Miguu hurefuka kwanza, kiwiliwili hufuata. Dogo mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi bado ana safari. Akiwa uwanjani, hesabu mara ngapi ameangalia pembeni kabla mpira haujamfikia, na anafanya nini ndani ya sekunde mbili baada ya kupokonywa. Hivyo havihitaji kilo 85.

Jambo la mwisho ni rahisi kabisa. Chukua orodha ya timu yenu ya mwaka huu, andika mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina, halafu uhesabu. Mkikuta Januari, Februari na Machi wamejaa, tutumieni jedwali hilo bila majina. Tungependa sana kuliona la Rungwe.